Babu wa benchi la nyuma: kuhusu neema, ubatizo na nani anaokolewa

Swali. Mwalimu, salamu kutoka Ahero. Babu yetu alifariki mwezi wa nne akiwa mzee sana. Alikuwa na wake watatu, na kwa sababu hiyo hakubatizwa: alipokuwa kijana aliambiwa awarudishe wawili kwao ndipo aandikwe, naye akakataa. Hata hivyo alikwenda kanisani, kwetu Waanglikana, kila Jumapili kwa zaidi ya miaka 50, akiketi benchi la nyuma karibu na mlango. Siku ya mazishi, mhubiri aliyealikwa na jamaa mmoja alishika kipaza sauti akasema mbele ya wajane kwamba mzee huyu tayari yuko motoni, kwa kuwa imeandikwa "aaminiye na kubatizwa ataokoka". Mhubiri huyohuyo, mwaka juzi, alitutangazia kuwa shangazi yangu yuko mbinguni, ingawa shangazi alikunywa chang'aa maisha yake yote, akawatelekeza watoto wake, akaja kutubu siku mbili kabla ya kufa. Kama hivyo ndivyo neema inavyofanya kazi, basi neema ni nini? Bibi yangu, mke wa kwanza, hali chakula vizuri tangu siku ile. Ananiuliza babu yuko wapi, kama wataonana, na wakionana atakuwa mume wa nani kati yao watatu. Je, inafaa tumwombee?

Jibu. Dada yangu, pole kwa msiba, na umfikishie bibi pole zangu kabla hujamsomea lolote katika haya ninayoandika. Nimefundisha mafundisho ya imani kwa miaka mingi katika vyuo vya wachungaji, na swali lako nimelisikia kwa sura nyingi, lakini mara chache limeletwa likiwa na watu wawili waliowekwa sambamba namna hii, babu na shangazi. Nitajaribu kutowatenganisha.

Kwanza, jambo ambalo lingepaswa kusemwa palepale chini ya hema. Katika makanisa yaliyoleta Injili huku Nyanza na Magharibi, hakuna hata moja lililompa mhudumu wake mamlaka ya kutangaza kwamba mtu fulani, kwa jina lake, yuko jehanamu. Kanisa Katoliki, ambalo kwa karne nyingi limechunguza maisha ya marehemu na kuwatangaza wengi kuwa watakatifu, halijawahi kuendesha kesi ya namna hiyo upande wa pili. Halina orodha ya waliopotea, na halijamwandika humo hata Yuda Iskariote. Waprotestanti nao hufundisha kwamba hukumu ni ya Kristo peke yake. Paulo, akiwaandikia Warumi, aliuliza: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Mhubiri yule anaweza kusema kwamba dhambi huleta mauti, na anaweza kuwaonya walio hai kwa ukali wowote anaoona unafaa. Alipoanza kutaja marehemu yuko wapi, alikuwa anasoma faili ambayo hakukabidhiwa.

Nadhani ninajua alikoipata sauti ile. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kina agizo kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa mtu aliyekufa bila kubatizwa, na desturi hiyo ilisafiri na wamisionari, ikaingia katika makanisa mengi ya kwetu, hata yale ambayo hayajawahi kukifungua kitabu chenyewe. Lakini agizo lile lilihusu ibada: nani azikwe kwa maneno gani. Halikusema roho ya mtu imekwenda wapi. Kwa miaka mingi watu wetu waliona jeneza likizikwa bila mchungaji, wakahitimisha wenyewe kwamba lisiloombewa na kanisa limekataliwa na Mungu. Huo ni mruko mkubwa, na ndio uliowaangukia bibi zako siku ile.

Sasa tuje kwa wake watatu, maana hapo ndipo penye kiini cha habari ya babu yako, na mahubiri yale yaliparuka.

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikutana Lambeth, London, na miongoni mwa mambo waliyoamua ni kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali apokewe kama mwanafunzi wa ubatizo na aendelee kufundishwa hadi atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake, walisema, wanaweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Tangu kabla ya hapo kulikuwa na sauti iliyopinga: Askofu John Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alikuwa amekwisha kuandika kwamba kumlazimisha mtu awafukuze wanawake aliowaoa kihalali kwa mila zao, pamoja na watoto waliozaliwa, ni kumwingiza mtu kanisani kwa kutenda dhuluma. Hakusikilizwa. Basi CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, walipofika Maseno mwaka 1906, kanuni ile ilikuja nao, na ndiyo iliyomkuta babu yako akiwa kijana.

Miaka 100 kamili baadaye, mwaka 1988, mkutano uleule wa Lambeth uliketi tena, ukiwa sasa na maaskofu wengi wa Kiafrika, ukaamua kwamba mwenye wake wengi anayeitikia Injili anaweza kubatizwa na kuthibitishwa (kupewa kipaimara) pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa masharti kwamba aahidi kutooa tena maadamu yuko hai yeyote kati ya wake aliokuwa nao alipoongoka, kwamba asilazimishwe kumwacha hata mmoja wao kwa sababu ya taabu ambayo wangeipata, na kwamba jumuiya ya Waanglikana wa mahali pale iwe imekubali.

Ukiisoma tarehe hizo mbili polepole, utaona uzito wake. Babu yako alikuwa mtu yuleyule, mwenye wake walewale, imani ileile na benchi lilelile. Kilichobadilika kilikuwa kanuni ya kanisa. Kama kubatizwa ndiko kunakomtoa mtu motoni, na kanuni ya kubatizwa inaweza kugeuzwa kwa kura ya maaskofu, basi tungekuwa tunasema kwamba wazee wa 1987 walikwenda motoni na wazee wa 1989 wakaingia mbinguni kwa sababu ya kikao cha Uingereza. Hakuna Mkristo mwenye akili timamu anayeamini hivyo, pamoja na maaskofu wenyewe. Barua yako haisemi kama baada ya mwaka 1988 kuna mtu aliyemwendea babu pale mlangoni akamweleza kwamba sasa njia iko wazi. Katika vijiji vingi habari hiyo ilikaa ofisini kwa askofu, na wazee wakaendelea kuketi walipozoea kuketi.

Atatokea wa kukuambia kwamba babu alichagua wanawake badala ya Kristo. Mjibu kwa adabu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Torati inamwamuru mwanamume aliyeongeza mke asimpunguzie yule wa kwanza chakula chake, nguo zake, wala haki yake ya ndoa. Kijana aliyeambiwa awarudishe kwao wanawake wawili waliokwisha kumzalia, akakataa, halafu akaendelea kulihudhuria kanisa lililomkataa kwa nusu karne, hafanani na mtu aliyemkimbia Mungu. Sisemi kwamba kuoa wake watatu ndiyo picha ya ndoa inayofundishwa na Agano Jipya, sivyo. Ninasema kwamba mtu anaweza kujikuta katika hali ambamo kuivunja ahadi kungekuwa dhambi kubwa kuliko kuitunza.

Tuje kwenye andiko lenyewe, Marko 16:16. Mhubiri alilisoma nusu. Mstari mzima unasema: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Angalia nusu ya pili: anayehukumiwa ni asiyeamini. Haikuandikwa "asiyebatizwa". Makanisa yamesoma mstari huo kwa makini tangu zamani, yakaona kwamba ubatizo ni amri ya Kristo kwa kila anayeweza kuupokea, na kwamba anayeudharau akijua anachokidharau yuko hatarini; lakini kuukosa kwa kuzuiwa si sawa na kuudharau.

Mfano wa karibu zaidi ninaoujua na habari ya babu yako una zaidi ya miaka 1,600, nao ulitokea mazishini vilevile. Mwaka 392, huko Vienne, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, Kaisari kijana Valentinian wa Pili, aliyekuwa na miaka ipatayo 20, alikutwa amekufa. Alikuwa katekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo, na alikuwa amemwita Askofu Ambrose wa Milano aje ambatize. Ambrose hakuwahi; mwili ndio uliomfikia Milano. Dada zake marehemu walilia, na sehemu ya kilio chao ilikuwa hii inayomnyima bibi yako chakula: ndugu yetu amekufa bila ubatizo. Ambrose alisimama kuhubiri mbele ya jeneza. Aliwauliza dada wale ni kitu gani kingine kilicho ndani ya uwezo wetu isipokuwa kutaka na kuomba. Na kwa kuwa huyu alitaka na aliomba, akasema, basi alichokiomba amekipokea. Kutokana na hotuba hiyo na nyingine za aina yake, Wakatoliki walikuja kuzungumza juu ya ubatizo wa tamaa, kando ya ubatizo wa damu, ambao ni wa aliyeuawa kwa ajili ya Kristo kabla hajabatizwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inasema wazi kwamba, kwa mambo ya mazishi, wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Kwa kanuni hiyo, mwanafunzi wa miaka 50 angezikwa kwa heshima zote.

Ambrose si mtu wa pembeni. Ndiye aliyembatiza Augustino mwaka 387, na Augustino huyu, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, ndiye ambaye Ukristo wote wa Magharibi umejifunza kwake kuhusu neema. Alikuwa mkali mno juu ya ubatizo, mkali kupita ninavyoweza kumfuata: alifundisha kwamba hata watoto wachanga wasiobatizwa hawauoni uzima wa milele, fundisho ambalo Wakatoliki wenyewe walilipunguza makali kwa karne nyingi, hadi mwaka 2007, tume ya wanateolojia ya Vatikano ilipoandika kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wameokolewa. Lakini hata Augustino, alipomfikia yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, alikiri kwamba imani na kugeuka kwa moyo hujaza pengo la ubatizo pale ambapo nafasi ya kubatizwa haikupatikana.

Na hapa kwetu tuna ushahidi ambao mhubiri wako angeweza kuuona kwa kupanda matatu ya kwenda Vihiga. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki (Quakers) walifika Kaimosi mwaka 1902, na Marafiki, tangu walipoanza Uingereza katika karne ya 17, hawabatizi kwa maji. Wanafundisha kwamba ubatizo unaotakiwa ni ule wa Roho, wa ndani. Jeshi la Wokovu nao hawabatizi kwa maji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Rafiki. Maji ya ubatizo hayakumgusa maisha yake yote. Aliamka kabla ya jogoo wa pili, akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga, mikono magotini, akanyamaza kwa Mungu mpaka maji ya chai yalipoanza kuchemka; kitabu chake cha nyimbo alikifunga kwa kipande cha leso kilichopauka hata maandishi yake hayasomeki. Mimi ni Mwanglikana na ninaamini Marafiki wamekosea kuuacha ubatizo wa maji, na nimewaambia hivyo binamu zangu mara nyingi, kwa kelele na kwa chai. Kusema kwamba mama yule yuko motoni, hata hivyo, ni neno ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwa mchungaji yeyote wa huku Magharibi mwa Kenya, na wengi wao wana mabibi kama yeye.

Sasa shangazi. Nahisi yeye ndiye anayekukera zaidi, na una haki ya kukereka, kwa sababu umeweka watu wawili kwenye mizani: mmoja alijitahidi miaka 50 akanyimwa, mwingine aliharibu miaka 50 akapewa. Lakini ukiitazama mizani yenyewe utaona kwamba imepima ujira. Paulo anasema katika Warumi 4 kwamba "kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Neno neema, katika maana ya Kikristo, ni kile ambacho Mungu hadaiwi na mtu yeyote. Ukisema babu anastahili mbingu kwa uaminifu wake, umeibadilisha neema kuwa mshahara, na hapohapo umempa mhubiri yule ruhusa ya kumkagua babu kama msimamizi anavyokagua kadi za vibarua. Tumaini la babu na tumaini la shangazi limesimama juu ya ardhi moja.

Mnaishi Ahero, kwa hiyo mfano wa Mathayo 20 hauhitaji mfasiri. Wewe umewaona vibarua wanaosimama kando ya barabara alfajiri wakisubiri kuitwa kwenye mashamba ya mpunga. Wenye nguvu huchukuliwa kwanza, na jua likipanda wanabaki wazee, wenye kikohozi na wale wanaonukia pombe ya jana. Mwenye shamba katika mfano ule alirudi barabarani saa ya kumi na moja, ikiwa imebaki saa moja tu jua lizame, akawachukua waliobaki, na jioni akawalipa dinari moja sawa na waliopigwa na jua kutwa nzima. Wale wa asubuhi walinung'unika. Jibu lake ni kali kidogo: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Wengi husoma mfano huu wakidhani unawahusu waliochelewa pekee. Yesu anazungumza hasa na wale wa asubuhi. Nami hujiuliza pia juu ya walioachwa barabarani mpaka jioni: walipoulizwa kwa nini wamesimama pale bila kazi, walijibu, "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Babu yako, katika maana fulani, alisimama barabarani tangu asubuhi akiwa na jembe lake begani, na wasimamizi wakampita.

Jambo moja kuhusu watoto wa shangazi. Msamaha wa Mungu kwa mama yao hauwanyang'anyi haki ya kusema kwamba waliumizwa. Zakayo alipookolewa alirudisha mara nne. Shangazi hakupata siku za kurudisha, na deni lile la malezi ninyi ndugu mnaweza kulibeba kwa karo na chakula. Kukata tamaa juu ya wokovu wake, hata hivyo, siwezi, maana mnyang'anyi aliyeambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" alikuwa na saa chache kuliko siku zake mbili.

Kuna mkanganyiko mwingine huku kwetu, nao unatokana na lile swali tunaloulizana kila mahali: "Umeokoka?" Swali hilo limekolezwa na uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, na ulifanya mema mengi, uliwafanya watu waungame wizi, warudishe ng'ombe wa watu, wapatane na maadui zao. Ulituachia pia mazoea ya kudhani kwamba wokovu lazima uwe na tarehe, na kwamba asiyeweza kuitaja tarehe yake bado. Wako wenye tarehe, kama Paulo barabarani kwenda Dameski. Wako pia kama Timotheo, aliyeyajua Maandiko tangu utoto kwa bibi yake na mama yake, wala hatusomi popote siku aliyookoka. Mtu anayesikiliza mahubiri zaidi ya 2,000 kutoka benchi moja anaweza kuwa ameamini polepole, kama mpunga unavyoiva, bila mtu kuona siku yenyewe.

Kuhusu mgogoro wa neema na matendo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti sitakaa sana, kwa sababu haukuwa hoja ya mhubiri wako. Ulianza na Martin Luther mwaka 1517, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukajibu mwaka 1547, na tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi huko Augsburg tamko la pamoja linalosema kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo, bila stahili yetu yoyote, na kwamba neema hiyo ndiyo inayotuwezesha kutenda mema. Wamethodisti, na baadaye makanisa ya Kireformed, wameliunga mkono. Tofauti zimebaki, ila hakuna kati yao anayefundisha kwamba cheti cha ubatizo kinanunua mbingu.

Lazima niseme pia yale ambayo huenda hukutaka kuyasikia. Yako mawazo yanayovuma siku hizi kwamba kila mtu mwema anaingia, Kristo au bila Kristo, na kwamba moto ni hadithi ya kutishia watoto. Siwezi kukupa hayo kama fundisho la Wakristo. Yesu alisema "mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi", na alizungumza juu ya hukumu mara nyingi. Hata pale ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, wanaweza kuupata wokovu, ulisema ni kwa neema, yaani kwa Kristo huyohuyo, hata kama hawakulijua jina lake. Waevanjelisti wengi wanasita kufika huko, nao wana andiko la Matendo 4:12 mkononi, kwamba hakuna jina jingine litupasalo kuokolewa kwalo. Lakini babu yako hayumo katika mjadala huo hata kidogo, maana yeye Injili aliisikia kuliko wengi waliobatizwa, na jina la Kristo alilijua. Wala ile kauli ya Sipriani wa Karthago, kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, haimgusi: Sipriani, aliyeuawa kwa imani mwaka 258, aliwalenga waliokuwa wanajitenga na Kanisa kwa ugomvi, na babu yako kosa lake lilikuwa kinyume, aling'ang'ania kuja.

Kwa hiyo sikuambii kwamba najua babu yuko mbinguni. Ningekuwa nimeiba kipaza sauti kilekile. Mtu mmoja alimwuliza Yesu kama wanaookolewa ni wachache, na hakupewa hesabu. Aliambiwa ajitahidi yeye mwenyewe kuingia kwa mlango ulio mwembamba. Ninachoweza kukuambia ni kwamba tumaini lenu kwa mzee huyu lina msingi katika mafundisho ya kanisa lenyewe, na kwamba tamko la mhubiri halina msingi huo.

Yuko wapi sasa? Waadventista, waliofika Gendia mwaka 1906, watakuambia amelala, hajui lolote, mpaka parapanda. Wengi wetu wengine tunafundisha kwamba roho ya aliyekufa katika Kristo iko pamoja na Kristo, ikingoja ufufuo. Tunakubaliana wote kwamba mwisho wa safari ni ufufuo wa mwili. Katika Ufunuo 21 watu hawapandi, mji mtakatifu ndio unaoshuka, na Mungu anafanya maskani yake pamoja na wanadamu. Mambo ya mawinguni na vinubi tuliyaongeza wenyewe.

Kumwombea: Wakatoliki na Waorthodoksi huwaombea marehemu, na toharani wanayoifundisha Wakatoliki ni ya waliokwisha kuokolewa, wanaotakaswa, wala si nafasi ya pili ya kutubu. Waprotestanti wengi hawaombi hivyo. Sisi Waanglikana tumegawanyika. Kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa jina lake, na kumkabidhi mikononi mwake, hakuna atakayewazuia. Mwendeni mchungaji wenu wa sasa mkiwa na bibi wote watatu, mmweleze habari ya benchi na ya mwaka 1988, mmwombe aje nyumbani aongoze sala kaburini, kwa sauti ya kawaida, bila hema na bila spika.

Limebaki swali la bibi, ambalo nadhani aliliuliza akiwa na tabasamu kidogo, na tabasamu hilo ni dalili njema. Mwambie aliulizwa Yesu mwenyewe. Masadukayo, ambao hawakuamini ufufuo, walimletea habari ya mwanamke mmoja aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wakataka kujua katika ufufuo atakuwa mke wa yupi. Yesu aliwaambia kwamba katika ufufuo hawaoi wala hawaolewi, kisha akawageukia kwa jambo walilokuwa wanalikwepa: kwamba Mungu aliyejiita Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo si Mungu wa wafu, bali wa walio hai. Ibrahimu alimwoa Sara, akamtwaa Hajiri, akaoa na Ketura. Yakobo alikuwa na Lea, Raheli na vijakazi wao wawili. Na Mungu hakuona haya kuitwa Mungu wao. Msomee bibi Luka 20, kuanzia mstari wa 27, kwa Kijaluo, asubuhi akiwa ameshapata uji, na wenzake wawili wakiwa wamekaa naye.